Karata za mpishi wa Mdachi zilivyokula jembe langu la posa

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, wa rika langu habari za leo. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mpaka sasa sielewi.

Nilishuka Morogoro kununua jembe kwenye duka la Mhindi. Jembe la posa. Bila hilo, bibi yake mchumba wangu, huko milimani juu ya Mkuyuni, hanipi mke.

Nikiwa nalo begani, karibu na stesheni nikakutana na mpishi wa Mdachi, Mjerumani mmoja wa reli. Mtu wa pwani, mcheshi. Akanifundisha mchezo aliouona mezani kwa bwana wake.

Mnagawiwa karata tano, mojamoja kwa zamu. Ya kwanza unaificha, zilizobaki zinalala wazi. Mbili zinazofanana zinashinda mojamoja, tatu zinashinda mbili. Hapo sawa.

Sasa shikeni vichwa. Malkia akitokea wazi, karata inayomfuata inakuwa jokari, inageuka chochote. Akitokea malkia mwingine, jokari ya kwanza inavuliwa cheo, inapewa karata inayomfuata huyo mpya. Malkia aliyefichwa hazai kitu. Kwa nini? Eti ndiyo sheria.

Tukashindania jembe langu kwa blanketi lake.

Nikawa na malkia mmoja chini. Karata ya mwisho, nikapata mwingine wazi! Iliyofuata, saba, ikaangukia kwa mpishi. Nikanyoosha mkono, nikaichukua.

"We Mluguru, vipi?"

"Mtoto wa malkia wangu huyu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama."

Alicheka mpaka machozi. "Hapa mtoto ni wa aliyeangukiwa, bwana!" Akaiunganisha na tano zake mbili, zikawa tatu. Jembe likaenda. Akanipa karata zake kuukuu za kunipoza.

Nikapanda mlima mikono mitupu, naogopa kweli. Bibi akasikiliza kisa chote.

"Nifundishe, mume wangu. Ukinishinda, jembe nimekusamehe. Nikikushinda, yawe mawili."

Tukacheza. Mwishoni akapata malkia wazi, na jokari ikaja kwangu. Nikaanza kushangilia. Bibi akanyoosha mkono, akaichukua.

"Bibi, sheria haisemi hivyo!"

"Mtoto akae kwa baba tangu lini?"

Funzo: uliza sheria kabla hujaweka chako. Ila mimi niliuliza!

Wajuzi, niambieni nilikosea wapi, mjini au mlimani? Jibuni upesi, niko njiani kurudi kwa Mhindi.