Nati Nne Bila Rangi

Marehemu mume wangu alikuwa fundi magari, na alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliicheka. Kila nati aliyoikaza kwa mara ya mwisho aliitia tone la rangi nyeupe kwa brashi ndogo. Nati yenye rangi imekwisha. Isiyo na rangi haijakwisha, hata kama imekazwa na malaika. Wenzake walimwita mpaka-hina. Yeye aliwajibu kwamba hina hupakwa bibi harusi aliyekwisha kuwa tayari, akaendelea na brashi yake.

Kwa miaka mitatu alijenga gari la mbio uani kwetu, pembezoni mwa Nguvumali, chini ya banda la makuti. Halikuwa gari la kununua akaliongezea vikorokoro. Fremu aliichomelea mwenyewe kwa mabomba, bodi akaigonga kwa nyundo bati kwa bati, injini akaitoa kwenye gari lililopata ajali njia ya Muheza. Likatoka gari la watu wawili, fupi, la chini kiasi kwamba kuku wangu walilifanya baraza lao. Viti nilishona mimi. Nilishona mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alisema vinamkalisha kama mgeni aliyekuja kuposa. Nilimtupia sindano na uzi nikamwambia akashone mwenyewe. Kisha nikavifumua, nikaanza upya.

Alikuwa akilitengenezea mbio za masafa zilizokuwa zinakuja kwetu. Ni mbio za kutwa, tangu jua linapochomoza mpaka alasiri, magari yanazunguka njia za vumbi kandokando ya mashamba ya mkonge, na kwenye kila mzunguko yanapita mbele ya nyumba yetu. Kombe hakulitaka. Alitaka gari lake lianze na limalize.

"Kushinda nawaachia wanaopenda kupigwa picha," aliniambia. "Miye nataka la kurudi nyumbani."

Figo zikamwahi. Mwezi wa mwisho hakuweza tena kusimama. Nilimtandikia mkeka kando ya gari, akawa anaelekeza, mimi nafanya. Mama yake alipokuwa akiingia uani nilimrudishia spana mkononi upesi, naye akaishika kama ndiye aliyekuwa akikaza. Hatukuwahi kupatana kufanya hivyo. Tulijikuta tu tunafanya. Alikuwa mtu wa fahari, nami nilimpenda pamoja na fahari yake.

Jioni moja zikabaki nati nne tu, za shafti, lile bomba refu lililo chini ya gari ambalo hupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Nililala chini nikazikaza kadiri ya mkono wangu.

"Usitie rangi," akasema kutoka mkekani. "Kesho nitazikagua mwenyewe."

Akaomba maji. Nilipotoka chini ya gari kumpa, aliyagusa kwa midomo tu. Hiyo kesho yenyewe ndiyo tuliyomzika.

Siku ya hitima mama mkwe aliwachukua waliokuja kutupa pole akawapitisha uani. Akaweka mkono juu ya bodi, akasema, "Mwanangu alikuwa na kazi yake, na kaimaliza. Hakuacha hata nati." Wanawake wakalia, nami nikalia nao, lakini nilijua kuwa zipo nne. Nilimwonea aibu marehemu, aibu ya kijinga kabisa, kama vile nimemtoa mbele za watu na shati halijafungwa vifungo. Adhuhuri wanaume walipokuwa msikitini na wanawake wako jikoni, nilichukua brashi yake nikajipenyeza chini ya gari nikatia matone manne meupe. Spana sikuigusa. Kisha nikanawa mikono, nikarudi chumbani kukaa eda yangu.

Aliusia gari likimbizwe na mdogo wake. Shemeji naye ni fundi, tena mwangalifu, na juma moja kabla ya mbio alilikagua gari lote nati kwa nati, tochi kaibana kwa meno. Isiyo na rangi aliikaza. Yenye rangi aliigusa kwa kidole tu, akasema, "Allah amrehemu kaka," akapita. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango wa uani alipofika kwenye shafti. Nilimsikia akimrehemu mara nne. Ulimi ninao, na kila mtu Nguvumali atakwambia kuwa ninao, lakini siku hiyo sikuutumia. Nilijiambia kwamba nilikaza vizuri.

Siku ya mbio tulikaa chumba cha mbele, mimi na mama mkwe, dirisha wazi na pazia limeshushwa. Nilikuwa na miezi miwili ya eda, bado miwili na siku zake kumi. Shemeji alituachia simu yake, kwa kuwa madereva hawakuruhusiwa kuwa nazo. Kila gari letu lilipopita niliweka kokwa ya tende kwenye sinia. Mama mkwe alikuwa akivuta uradi na kujifanya hasikilizi, lakini kila liliposikika kwa mbali tasbihi yake ilisimama.

"Hilo siyo," nilimwambia mara moja.

"Nani kakuuliza?" akajibu.

Niliijua sauti ya gari lile kuliko sauti za ndugu zangu. Ilipofika kokwa ya saba, gari likaingia kona ya nyumba yetu, shemeji akaachia mafuta, na chini ya mngurumo nikasikia ko, ko. Ilikuwa ndogo. Watu waliokuwa nje wamekalia viti vya plastiki walishangilia kama kawaida. Mimi niliitambua. Shafti ilikuwa inacheza. Mume wangu aliwahi kunieleza: shafti ikiachia upande wa mbele ncha yake huchoma ardhi, na gari lililo katika mwendo huinuka likapinduka na aliyemo.

Niliiweka kokwa ya saba mahali pake. Nasema hili ingawa linaniuma: kwa muda wa kuweka kokwa ile nilifikiria kunyamaza. Ilikuwa imebaki mizunguko sita. Nikisema, gari litasimama, na mji wote utajua kwamba kazi ya marehemu ilibaki na kwamba mkewe alipaka rangi juu ya upungufu. Nisiposema, huenda likamaliza. Huenda.

"Mama," nikasema, "naomba ruhusa nitoke."

"Utoke wende wapi na eda?"

"Barabarani. Nimsimamishe shemeji."

Nikamweleza yote, mkeka, spana niliyokuwa nikimrudishia mwanawe mkononi, nati nne, brashi. Nilitazamia anipige, na ningepokea. Hakunipiga. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hivyo hakumaliza."

"Hakumaliza, mama. Alibakiza nati nne."

Uso wake ulizeeka mbele ya macho yangu. Akaikunja tasbihi akaitia kifuani. "Niliruzukiwa wawili," akasema, "na mmoja nimeshamfukia. Jitande. Hiyo ni dharura, si matembezi."

Tulitoka pamoja, amenishika mkono juu ya kiwiko kwa nguvu mpaka ukaniuma. Jua liliniumiza macho. Mjane wa eda mwenye nguo nyeupe kasimama katikati ya barabara ya mbio: muuza madafu akabaki na panga lake hewani. Mtu wa bendera alikuja mbio anatukemea, akaona nguo zangu, akamwona mama, akazima sauti. Nilimwambia gari lenye namba yetu lina hitilafu. Akaenda mbele kidogo akainua bendera ya njano, nasi tukangoja.

Magari mawili yalipita polepole. Letu lilikuwa la tatu. Shemeji alipotuona alifunga breki mpaka vumbi likatufunika.

"Mama! Kuna nini? Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu," nikamwambia. "Zima gari. Nati nne za shafti ni za kwangu, na rangi nilitia miye. Kaka yako hakuzikagua."

Nilisema kwa sauti ili anisikie, kwa hiyo walinisikia wote. Shemeji alinitazama, akamtazama mama yake, akazima. Alichukua spana akaingia chini.

Kanuni hazikuruhusu mtu mwingine kuligusa gari. Nilichuchumaa kando yake, mikono nimeificha ndani ya mtandio, nikawa naelekeza kwa maneno kama nilivyokuwa nikielekezwa.

"Moja haipo," sauti ya shemeji ikatoka chini. Baada ya kitambo akasema tena, "Na hii ya pili naigeuza kwa vidole."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa hofu, na kwa hasira juu yangu mwenyewe, na kwa sababu mtu wangu alikuwa amekufa na sikuwa na wa kumwambia. Mama mkwe hakuniachia mkono.

"Za akiba zimo koponi, chini ya kiti cha kushoto," nikasema nilipoweza. "Alikuwa haachi kuweka za akiba."

Shemeji alitia moja, akazikaza zote nne, nikamwambia aongeze nusu mzunguko, akaongeza. Alipotoka alikuwa mwekundu kwa vumbi tangu nywele mpaka kope.

"Nizitie rangi?" akaniuliza. Hakuwa akinikejeli. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi.

"Usitie."

Akapanda, akawasha, akaenda. Tulirudi ndani. Niliweka kokwa ya nane, na ya tisa, na sauti ile ya chini haikurudi. Alasiri gari liliingia uani kwa miguu yake, la mwisho katika yaliyomaliza. Shemeji alilizima chini ya banda la makuti, akabaki amekaa ndani kwa muda mrefu, mikono juu ya usukani.

Majirani walikuja kumpongeza mama, na mmoja, kwa kutaka kumpoza, akasema kwamba marehemu alifanya kazi kamili.

"Alibakiza nati nne," mama mkwe akamjibu. "Na huyu mkewe alimsaidia nyingine zote." Kisha akaagiza chai iletwe.

Eda ilipokwisha nilioga, nikabadili nguo, na kabla ya kwenda kwetu Ngamiani kuwaamkia wazee niliingia chini ya gari na kitambaa chenye petroli. Zile tatu za zamani bado zilikuwa na rangi yangu. Niliifuta mpaka chuma kikaonekana. Gari linakimbia hadi leo, na kila mara kabla halijatoka shemeji hulala chini akaanza na hizo nne, kwa spana, si kwa kidole. Nati nyingine zote zina tone jeupe. Zile nne hazina. Mume wangu aliniambia nisitie rangi mpaka azikague mwenyewe, na hajazikagua.