Neno Alilolisema Paskalina

Vitus wa Nyololo aliyaacha masikio yake Dar es Salaam, kwenye kituo cha umeme wa gesi alikofanya kazi miaka ishirini na sita. Gesi iliendesha mtambo wa kwanza. Joto lililotoka humo, badala ya kupotea hewani, lilichemsha maji, na mvuke wake ukazungusha mtambo wa pili. Mvuke uliobaki ulipelekwa kiwanda cha jirani kukausha vitambaa. Vitus alikuwa fundi wa mvuke. Walipewa vizibo vya masikio, lakini yeye alivichomoa kila mara, kwa kuwa bomba likivuja alilijua kwa kusikiliza tu, na sifa hiyo aliipenda. Katika kelele zile, mafundi waliongea kwa kutazamana midomo.

Alipostaafu akarudi nyumbani, hakusikia hata kengele ya kanisa. Mkewe, Paskalina, hakulalamika. Alimgeuzia uso, akamtamkia polepole kwa Kiswahili, lugha aliyozoea kuisoma midomoni, na siku zikaenda.

Mwaka wa tatu Paskalina akaugua ini. Asubuhi moja ya baridi kali, binti yao Yusta akiwa jikoni anakoroga uji, mgonjwa alimshika mumewe mkono, akasema jambo. Halikuwa Kiswahili. Ugonjwa ulikuwa umemrudisha kwenye Kihehe cha utotoni, na Vitus, aliyekiongea tangu azaliwe, hakuwahi kukisoma kwa macho.

"Sema tena, Mama Yusta," alimsihi.

Akarudia. Mara ya tatu midomo ilicheza kidogo tu, ikatulia.

Matanga yalipoanuliwa, Vitus alimketisha Yusta mbele yake, akaichezesha midomo yake kama alivyoiona ya marehemu. Yusta alimtazama, machozi yakimbubujika.

"Labda alikuwa anakuaga, baba," akamtamkia. "Labda alisema..."

"Usinitungie, mwanangu. Hujui, nami sijui."

Tangu hapo Yusta akawa anamfundisha kukisoma Kihehe midomoni, neno moja moja: maji, moto, nimechoka, njoo. Mzee alishika upesi. Kila neno jipya alililinganisha na lile la mkewe, na hakuna lililofanana nalo.

Ukungu wa Juni ulipoingia, alitambua kwamba midomo ya Paskalina imeanza kumpotea kichwani. Hakumwambia Yusta. Alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akasubiri neno la siku hiyo.