Nani Atammiminia Swalehe Maji

Swalehe alisuka mikeka ya ukindu pamoja na wanawake wa mtaa wetu hapa Kibiti. Hakuoa, na hakuna aliyemuuliza. Tulijua. Kujua na kusema ni mambo mawili, na watu wa kwetu huishi katikati yake bila taabu.

Alipigania jambo moja tu: wanaume kama yeye wakifa, waoshwe na kuzikwa kama Waislamu wengine. Zamani mmoja wao alifariki, maiti yake ikalala siku mbili ndani, waoshaji wamekataa. Swalehe hakuhutubia mtu. Alikwenda kuketi barazani kwa Mzee Bushiri, mwosha maiti wetu, karani mstaafu wa misitu, jioni baada ya jioni, mpaka mzee akakubali. Miaka tisa hakukataliwa hata mmoja.

Mwaka 2003, mashirika yalipoota kama uyoga, wakaja wageni kutoka ng'ambo. Watu wema, sikatai. Walimtibu Badru, rafiki yake Swalehe, mpaka mwisho. Lakini walimpiga Swalehe picha, wakaichapa katika kijitabu cha Kiingereza, chini wakaandika kwamba ndiye kiongozi wa mashoga wa Rufiji. Hawakumuuliza. Kijitabu kikarudi Kibiti, mwalimu mmoja akakitafsiri kwenye kahawa. Nilikasirika mno. Sasa tuliojua tulikuwa tumeambiwa, na aliyeambiwa hutakiwa kujibu.

Wiki ileile Badru akafariki. Swalehe akatayarisha sanda, kafuri na maji. Hakuja mwoshaji. Kazi ile haifanywi na mtu mmoja: mmoja huosha, mwingine humimina. Adhuhuri ikapita. Majirani tulisimama uani mikono nyuma, nami nimo, nasema kwa aibu.

Ndipo akaja Mzee Bushiri, anakunja mikono ya kanzu. Muhidini muuza kahawa akamzuia mlangoni.

"Mzee, hukusikia kitabu kinavyosema?"

"Kitabu cha lugha gani?"

"Kiingereza."

"Mie Kiingereza sikijui."

Mtu huyo aliandika barua za serikali kwa Kiingereza miaka ishirini, na sote tunajua. Muhidini akampisha. Mzee akainama, akachukua kata, akamwambia Swalehe, "Haya mwanangu, anza upande wa kulia."

Swalehe alikuwa akilia. Nikavua viatu, nikaingia kushika shuka la kumsitiri maiti.