Pini ya Tela la Meneja

Wengine Idd huijulia kwenye harufu ya pilau na udi. Mimi naijulia kwenye grisi. Hadi leo nikipita mbele ya gereji nikakutana na harufu ya grisi iliyopashwa na jua, mate hunijaa mdomoni na miguu hutaka kuvaa viatu vipya. Ni kwa sababu mwaka niliokuwa na miaka kumi, baba yangu alizimaliza siku za mwisho za Ramadhani akiwa amelala chali chini ya tela, nyumbani kwetu Mlali, akipaka grisi kila kitu kinachozunguka na vingine visivyozunguka kabisa. Aliingia nayo ndani hadi kwenye ndevu. Mama alilalamika kila jioni kwamba uji wa futari una ladha ya gereji, na kweli ulikuwa nayo, maana baba ndiye aliyeubeba. Na pembeni ya tela, amefungwa kwenye mpera, alisimama farasi aliyekuwa chanzo cha yote, akitafuna taratibu na kututazama sote kama mtu aliyekuja kukagua kazi.

Niseme mapema kwamba farasi alikuwa wetu kweli, maana wapo watu mpaka leo wakisikia Mlali na farasi katika sentensi moja huanza kucheka. Baba alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa, Morogoro na Ngerengere, mpaka walipopunguza wafanyakazi naye akapunguzwa. Akarudi kwao Mlali, akapata kazi ya ulinzi katika shamba la mzee mmoja mgeni aliyelima mboga na kufuga farasi mmoja wa kupanda jioni. Yule mzee alipochoka na mboga akarejea kwao, na kwa kuwa hakupatikana mtu wa kumtaka farasi, alimwachia baba, yeye na tela lake la kusafiria lililokuwa limenyeshewa miaka nenda rudi. Baba akampa jina Meneja. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba hafanyi kazi yoyote na kila mtu anampelekea chakula.

Sasa mimi siku za shule nilikaa Mazimbu kwa shangazi yangu, na huko ndiko mdomo ulikoniponza. Mwenzangu mmoja, Zuhura, aliyekaa dawati la mbele yangu, alikuja na majigambo kwamba baba yake amenunua pikipiki mpya. Ningenyamaza ningekufa? Nikasema pikipiki si kitu, sisi tuna farasi. Darasa lilicheka mpaka mwalimu akaja kuchungulia. "Farasi wa Mlali! Si useme punda tu, dada!" Zuhura akasema. Tangu siku hiyo nikawa Mama Farasi. Nikienda kuchota maji wanagonga ndimi kama kwato nyuma yangu, nikigeuka wote wanatazama mbinguni. Mwishowe Zuhura akatoa hukumu: Idd Pili watu wote watakuwa kiwanja cha mpira cha Mazimbu, basi nimlete huyo farasi. Nisipomleta, siku ya kufungua shule nitasimama mbele ya mstari na kusema kwa sauti, mimi Mwanaidi ni muongo. Nikakubali mbele ya mashahidi. Shule zilipofungwa nikarudi Mlali, nikamweleza baba yote.

Baba angeweza kunifukuza na upuuzi wangu. Badala yake macho yalimng'aa. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima: mtu aliyefunga mabehewa nusu ya umri wake, kisha akabakiwa na mlango wa banda la kuku tu wa kufunga, alikuwa anasubiri kuombwa. Tatizo lilikuwa gari. Pikapu ilikuwa ya Mjomba Shabani, kaka yake mama, na kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kuazima gari lake ukaondoka nalo. Mjomba ana kauli juu ya mtoto pengine kumshinda baba mwenyewe, na huyu wangu aliijua kauli yake na kuitumia hata pasipohitajika. Alikubali kwa sharti kwamba ataendesha yeye. Kwa hiyo msafara ulikuwa na wakubwa wawili kabla haujaanza.

"Gari linavuta, tela linafuata, kazi yote iko katikati," baba aliniambia, akanivuta chini ya tela nijifunze. Mkono wa tela uliingia kwenye kishikio nyuma ya pikapu, kisha bolti nene kama mhogo ikashuka na kuvipita vyote viwili. Chini ya bolti kulikuwa na tundu, na kwenye tundu hilo ilipita pini, kiwaya kigumu cha chuma chenye mguu mmoja ulionyooka na mwingine uliopindapinda. Kazi ya pini ilikuwa moja tu, kuizuia bolti isirukeruke ikatoka. Halafu ikaja minyororo miwili ambayo baba aliipishanisha chini ya mkono wa tela, ili ukianguka udakwe usifike ardhini. Yakaja magogo mawili yenye kamba ya kuzuia tairi, na taa nyekundu alizozing'oa kwenye pikipiki iliyokufa. Mwisho yakaja makufuli matatu. Moja la kwenye mkono wa tela likiegeshwa, wezi wasije wakaondoka na tela. La pili la mlangoni, wasije wakaondoka na farasi. La tatu hakutuambia la nini, lilikuwa linaning'inia tu. Funguo zote alizivaa shingoni.

Mama alivumilia mpaka lile kufuli la tatu. "Baba Mwanaidi," alisema, "mlango wa nyumba yangu unazuiwa na jiwe. Huyu ana makufuli matatu na minyororo ya meli. Hebu niambie, mke hapa ni nani?" Baba alijibu kwamba yeye mama hana haja ya kufungwa, hajawahi kujaribu kutoroka. Mama akamwambia asimtie majaribuni. Mjomba Shabani, aliyekuwa akinywa kahawa barazani, alicheka mpaka kikombe kikamwagika, na baba hakumsemesha tena mpaka mwezi ulipoandama.

Idd Mosi tulikula. Idd Pili asubuhi nilisukwa upya, nikavishwa gauni la zambarau lenye marinda ambalo nililiota mwezi mzima. Dirishani mama alikuwa ameweka pini za nywele kwenye kisahani, na kando yake, juu ya kitambaa safi, ilikuwepo pini moja iliyozishinda zote. Kubwa, nzito, imesuguliwa inameremeta, mguu mmoja umenyooka na mwingine umepindapinda. Mimi nikajua mama ameninunulia kwa ajili ya Idd na anataka kunishtukiza. Nikaichomeka kwenye mafundo ya kisogoni, ikashika vizuri kweli, nikajifunika mtandio, nikatoka. Hapo ndipo nilipomsikia baba uani akiuliza kwa sauti, "Nani kaichukua pini?"

Naapa sikuelewa. Pini aliyonifundisha baba ilikuwa nyeusi ya grisi na ilikaa chini ya tela. Sikujua kwamba jana yake aliiosha kwa mafuta ya taa, akaisugua na kuilaza dirishani ikauke, iwe safi siku ya Idd kama watu wengine. Basi nikaitafuta pamoja nao. Nilitambaa chini ya pikapu, nikapekua majani ya Meneja, nikamtuhumu hata kuku. Mama alitikisa mikeka. Jua likawa linapanda, na mimi nikiwaza mstari wa shule na meno ya Zuhura, nikaanza kulia kwa sauti: "Baba tutachelewa! Baba watasema mimi muongo!" Mjomba akachoka. Akaokota msumari wa inchi nne, akaupitisha kwenye tundu la bolti, akaukunja kwa nyundo. "Haya, shemeji, pini hiyo. Twende zetu."

Baba aliutazama ule msumari muda mrefu. Akanitazama mimi na machozi yangu. Kisha akapanda nyuma ya pikapu na bendera yake ya kijani, akaligeukia tela, akapuliza filimbi yake ya reli, ishara kwamba vyote vimefungwa na safari ianze, na Mjomba akang'oa gari huku akisema kwamba hajawahi kuona pikapu inayoendeshwa kwa filimbi.

Barabara ya kutoka Mlali wakati huo ilikuwa mashimo matupu. Hatukufika mbali. Nilikuwa mbele na Mjomba nikipunga mkono kwa kila mtu njiani, ndipo nikasikia filimbi. "Mjomba, baba anapuliza." Mjomba akasema mwache afurahi, Idd hii, akampigia honi kumjibu. Filimbi ikazidi, honi ikazidi, watoto wa njiani wakawa wanashangilia, hadi baba alipoanza kulipiga paa la gari kwa ngumi zote mbili. Tulipoteremka tukaona. Msumari haukuwepo. Bolti haikuwepo. Mkono wa tela ulikuwa umechomoka na kulala juu ya ile minyororo miwili ya meli, na tela zima na Meneja ndani yake lilikuwa linashikiliwa na kitu ambacho sote tulikicheka. Bila hiyo minyororo lingetuacha na kwenda lilikotaka, na kushoto kwetu kulikuwa na korongo. Hakuna aliyecheka. Mjomba alikaa chini barabarani, na mimi nikalia tena, safari hii si kwa ajili ya Zuhura.

Baba hakulia wala hakugomba. Alitega magogo kwenye tairi, akarudi nyuma kwa miguu mpaka akaiona bolti, akaja nayo. Pini ndiyo haikuwepo. Bibi mmoja aliyekuwa akitoka kisimani na ndoo alisimama kututazama. "Shikamoo bibi," nikamwamkia katikati ya kwikwi. "Marahaba mjukuu wangu. Mmebeba nini humo?" Nikamwambia farasi. Akayatazama makufuli, akauliza, "Kaiba nini?" Baba akamwomba waya wa mkono wa ndoo yake. Bibi akasema atautoa, ila kwanza aonyeshwe. Basi baba akafungua makufuli yote, hata lile lisilo na kazi, na Meneja akatoa kichwa nje na mashavu yaliyojaa majani. Hakuwa na habari. Bibi akampa waya, na baba akaisuka pini mpya papo hapo kwa koleo, akaikagua mara tatu.

Tulifika kiwanjani saa sita. Sitaki kujisifu, lakini nataka. Umati ulipasuka katikati. Nilipita nimempanda Meneja, baba ameshika kamba, na Zuhura akaachia mdomo wazi huku barafu yake ikichuruzika mkononi. Jambo pekee alilopata kusema ni kwamba mbona mfupi, halafu akauliza kwa sauti ndogo kama na yeye anaweza kupanda. Upepo ukanyakua mtandio wangu. Nikapeleka mkono kisogoni kushika nywele, na vidole vikagusa chuma kizito, mguu mmoja umenyooka, mwingine umepindapinda. Nikageuza uso. Wakati huo huo mpiga picha wa kiwanjani akasema "Cheka!" na akapiga.

Sikumwambia mtu. Niliifunga pini kwenye kitambaa nikaificha, na Idd baada ya Idd nilisikia baba akisimulia habari ile, na kila mara mwenye makosa alikuwa msumari wa shemeji. Mjomba alijitetea, walibishana, wakapatana kwenye sahani ya pilau. Mimi nilimimina chai nikitazama sakafu. Niliona aibu, na kadiri miaka ilivyozidi ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema. Meneja alizeeka akafa, akazikwa pale kwenye mpera, na Mjomba alimlilia kuliko sisi sote.

Mwezi uliopita nimenunua tela langu la kwanza, la kubebea ndama. Linajifunga lenyewe kwa mlio mmoja, lina taa zinazowaka bila kupigwa ngumi, na simu yangu inaniambia liko wapi hata nikiwa kitandani. Lami sasa inafika mbali. Hakuna kinachonuka grisi. Nililipeleka kwa baba alikague kabla sijabeba ndama wa kwanza, na alipomaliza kulidharau tukaingia ndani, nikamwekea mkononi kile kitambaa. Nilikuwa na hotuba nzima, lakini nilitoa maneno matatu tu: "Baba, ilikuwa mimi."

Alikikunjua, akaitazama pini. Kisha akaninyooshea kidole kwenye picha ukutani sebuleni kwake, ile ya Idd, aliyoitia fremu mwenyewe na kuitundika miaka yote hiyo juu ya kiti chake. Mimi juu ya Meneja, nimegeuza uso, mkono kisogoni, na kati ya vidole kitu kinameremeta. Alikuwa akijua tangu siku picha ilipoletwa. Nikamuuliza kwa nini basi alimwachia Mjomba lawama.

"Pini ulivaa wewe," baba alisema, "na wewe ulikuwa mtoto. Filimbi nilipuliza mimi. Nimefanya kazi reli miaka yote ile, sijawahi kuruhusu behewa liondoke bila pini. Siku hiyo niliruhusu, na mwanangu yumo garini. Ningemwambia nani? Shemeji alikuwa karibu."

Tukatoka nje. Alizunguka tela langu polepole, akashika kila kilichofungwa, akaniamuru niiname nione mwenyewe. Nikainama nikaona, nikasema tayari. Akaitoa ile filimbi mfukoni, akaipeleka mdomoni, akasita. Akanivua mtandio kidogo, akanipapasa kisogo chote kwa vidole vyake vigumu, pole pole, kama anayetafuta chawa.

"Kichwa hakina kitu," akasema, na ndipo akapuliza.