Siku Tulipoenda Homa Bay Kusemea Ghuba Yetu

Habari ilifika Muhuru Bay kupitia kwa chifu: watu wa uvuvi walitaka kufunga ghuba yetu yote kwa miezi kadhaa kila mwaka ili samaki wazaane. Kabla ya kuamua wangefanya mkutano Homa Bay, na raia yeyote angeweza kufika kutoa maoni. Wavuvi walinung'unika kwamba serikali ikikuuliza, ujue imeshaamua. Mama mkwe wangu, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, tangu sijazaliwa, alisema yeye ataenda. Kisha akanigeukia, akaniambia nijitayarishe. Ofisa mkuu wa uvuvi hakujua Dholuo, lugha ya Waluo, na Kiswahili cha mama mkwe kiliishia kwenye bei ya omena.

Mimi ni Mkuria. Miaka ile ya tisini nilikuwa mke mgeni ziwani, majirani wakinicheka kila nilipokosea Dholuo. Sasa ulimi wangu, wenye Kiswahili na Dholuo, ulihitajika! Nilifurahi hadi nikasahau kutia chumvi kwenye mboga.

Tulipanda lori la omena, wanawake juu ya magunia, mume wangu na wavuvi wenzake wameng'ang'ania nyuma. Njia nzima tulilalamika kwa sauti. Ghuba ikifungwa hakuna omena, na bila omena hakuna unga wala karo.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Ofisa, mtu mpole, alieleza kwamba ngege, yaani sato, wanapungua na wanahitaji mahali pa kuzaliana. Wanaume walisimama mmoja baada ya mwingine wakakataa. Ndipo mama mkwe akanishika mkono, tukasimama. Nilitamani sana kuanza. Yeye alisema kwa Dholuo, mimi nikafuata kwa Kiswahili.

"Hatukatai kufunga," nilimfasiria. "Tunakataa kufunga yote. Omena wako maji makuu. Ngege wanazaana kwenye matete. Fungeni matete."

Ofisa aliweka kalamu chini. Aliuliza ni nani anayevua kwenye matete hayo.

Mama mkwe alijibu kwa neno moja. Nilimtazama nihakikishe nimesikia sawa, naye akanitikisia kichwa niendelee.

"Mwanawe," nikasema. "Yaani mume wangu. Anavuta kokoro pale."

Ukumbi mzima ulicheka. Kokoro ni ule wavu mrefu unaokokotwa hadi ufuoni, unaozoa hata samaki wachanga, na ndio uliotulisha nyumbani kwetu. Mume wangu alisimama polepole. Nilidhani atamkana mamake mbele ya watu.

"Mama amesema kweli," alisema. "Lakini nikitoa kokoro yangu, nisitoe peke yangu. Sheria iwe ya fuo zote."

Hapo mkutano ulichemka. Wenye kokoro wengine walipinga, wauza omena wakawajibu, nami nikageuka huku na huku nikifasiri hadi koo likakauka. Kufikia mchana hata wapinzani walikuwa wakijadili tu mpaka upite wapi. Ofisa aliahidi kupeleka pendekezo letu juu.

Tulirudi tukiimba. Mume wangu alimlalamikia mamake kwamba alipaswa kumjulisha kwanza. Mamake akajibu kuwa kama angemjulisha, yeye angemzuia asiseme. Mume wangu alijaribu kununa, kicheko kikamshinda.

Miezi ilipita, tukaanza kukata tamaa. Kisha ofisa alikuja kwa boti, akatuomba tumwonyeshe matete yanapoishia, na tukafunga maboya ya mpaka pamoja naye. Sheria ilipotangazwa, matete yalifungwa kwa kila mtu na maji makuu yakabaki wazi. Mume wangu aliingia kwenye mtumbwi wa omena wa binamu yake. Msimu wa kwanza ulitubana, na siku nyingine tulikula uji mchana na jioni. Lakini baadaye, nikiteka maji karibu na maboya, niliona ngege wadogo wakitawanyika mbele ya ndoo yangu, wengi kama mchanga. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Halafu tukaitwa mkutano mwingine, safari hii kuhusu gugumaji lililokuwa likiziba ziwa. Ufuo wetu ulitakiwa kutuma wanawake wawili. Karibu kila mwanamke alitaka kwenda, ikabidi tupige kura. Mama mkwe alipita, mimi nikashindwa na jirani yangu mwenye Kiswahili kizuri. Nilimpigia makofi hadi viganja vikawasha, kisha nikaenda kukaa kwake jioni nzima nikimweleza la kusema.