Saa ya Chakula Haimo Kwenye Hesabu

Mafundi umeme wengi wa Manyoni ukiwauliza kazi itachukua muda gani, wanakujibu, "Kesho kutwa tu, mama," na wewe mwenyewe unajua kwamba hiyo kesho kutwa ina watoto na wajukuu. Yeremia hakuwa fundi wa namna hiyo, na labda ndiyo maana hakutajirika. Akiitwa kwenye nyumba alipanda darini kwanza, akashuka na utando wa buibui kichwani, akazunguka akigonga kuta kwa vidole kama anayepiga hodi. Kisha akataja muda. Muda huo ukifika, taa zinawaka.

Alikuwa mgane. Tangu Sara afariki, aliishi chumba kimoja cha kupanga karibu na stesheni ya treni. Binti yao Witness aliolewa Mwanza, akawa anapiga simu Jumapili, akikumbuka. Humo chumbani holda ya taa ilikuwa imening'inia kwa nyaya zake tangu mwaka wa msiba. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu alizidi. Kila jioni aliwasha redio kabla hajavua viatu, na ukimwuliza mtangazaji amesema nini asingeweza kukujibu. Alitaka sauti ya mtu tu.

Basi siku moja akapigiwa simu na Fabiano, kijana mwenye biashara zake Dodoma. Nyumba ya mama yake huko Kilimatinde ilikuwa hatari, soketi zimeungua na swichi zinatema cheche. Alitaka nyaya zote zing'olewe, ziwekwe mpya.

"Ikikamilika tu, fundi, naipangisha. Mama namchukua. Hawezi kuendelea kukaa peke yake kule."

Yeremia akapanda kilima na pikipiki yake. Mama mwenyewe, Editha, mkunga mstaafu, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye uliyetumwa kunihamisha?"

Akacheka, lakini macho hayakucheka. Yeremia akaomba ngazi.

Nyumba ilikuwa ya zamani, kuta zake za mawe. Nyaya zenyewe hazichukui muda, ndivyo alivyozoea kuwaambia wenye nyumba. Kinachokula muda ni ukuta. Tofali unalitindua asubuhi na mchana umelaza bomba la nyaya, ila jiwe linakuuliza kwanza umetumwa na nani. Akahesabu vyumba, akahesabu mawe, akahesabu na safari za kushuka Manyoni kufuata vifaa. Akasema wiki mbili.

Kitu kimoja hakukihesabu. Kwenye nyumba za watu fundi huletewa sahani pale pale alipo, akala peke yake, amekalia boksi la vifaa. Miaka yote Yeremia alikula hivyo, na chakula cha hivyo huisha haraka. Siku ya kwanza alipojivuta pembeni na sahani yake, Editha akamjia juu.

"Kwangu mtu hali kwa kujificha kama aliyeiba. Nawa mikono, njoo mezani!"

Palikuwa na ugali wa uwele, mlenda na maziwa ya mgando. Editha akamwuliza jina la mtoto wake, na tangu hapo hakumwita tena fundi. Akawa baba Witness. Yeremia alishusha tonge. Ilikuwa miaka hajaitwa hivyo, maana aliyekuwa akimwita hivyo alikuwa Sara.

Wakaongea. Siku ya pili wakaongea zaidi, na ya tatu Yeremia akajikuta anasimulia jinsi Sara alivyougua, habari ambayo hata Witness hakuwahi kuisikia yote. Editha hakumpa pole za haraka haraka. Alimsikiliza, akamwongezea mboga. Naye akasimulia habari za marehemu mumewe, jinsi alivyoinua kuta zile jiwe kwa jiwe, akikataa kusaidiwa, hadi majirani wakamwona kichaa. Walipoinuka mezani jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa nyumba, na tindo iko pale pale ilipoachwa.

Wiki mbili zikaisha na kazi haijaisha. Haikuwahi kumtokea. Lakini hata kwa kuchelewa huko, ilifika asubuhi ambayo kilichobaki kilikuwa kufunga swichi ya chumbani na kujaribu taa. Ndipo Fabiano akapiga simu kwa mama yake, na mama akampa Yeremia aongee.

"Fundi, vipi? Imebaki kiasi gani?"

Yeremia akamtazama Editha. Mama wa watu alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, ameshika upande wa khanga. Hakumwomba kitu.

"Kuta hizi ni ngumu, bosi," Yeremia akasema. "Nipe wiki moja nyingine."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kuhusu muda, na ulitoka laini, mpaka mwenyewe akashangaa. Editha akapokea simu yake, akaenda jikoni. Mchana ule walikula kuku.

Swichi ya chumbani aliifunga jioni ile ile. Sasa fundi aliyemaliza kazi atafanya nini wiki nzima? Yeremia alifungua maboksi ya nyaya ukutani aliyokwisha kuyafunga, akachomoa nyaya zilizokaa vizuri, akaziunga upya vile vile zilivyokuwa. Alihamisha soketi kidogo kulia, kesho yake akairudisha kushoto. Editha aliyaona. Mtu aliyezalisha nusu ya kijiji hadanganyiki kwa bisibisi. Lakini naye alikumbuka ghafla kwamba banda la kuku linahitaji taa.

"Kuku wanaogopa giza, baba Witness."

"Kabisa mama. Nimewaona."

Wakafunga taa ya kuku, watu wazima wawili, kwa umakini wote.

Fabiano hakusubiri wiki iishe. Alikuja na gari, mtoto mwema mwenye haraka zake, akapita chumba hadi chumba akibonyeza swichi. Kila alipobonyeza, taa iliwaka. Yeremia alikuwa nyuma yake, na kila taa iliyowaka ilimchoma. Kwa mara ya kwanza katika ufundi wake alimwomba Mungu moja igome.

"Kumbe imeisha!" Fabiano akafurahi. "Safi sana, fundi. Mama, funga mizigo basi, tuondoke."

Editha alifunga. Alikuwa na mizigo michache kuliko mtu angedhani. Mlangoni alimshika Yeremia mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Tulijitahidi, baba Witness," akasema.

Gari likateremka kilima. Yeremia akafunga mlango, akaweka ufunguo mahali alipoelekezwa, akagundua kwamba taa ya kuku inawaka mchana kweupe. Kuku wenyewe walikuwa wameshagawanywa kwa majirani. Akaizima, akashuka Manyoni.

Chumbani kwake aliwasha redio, akavua viatu, akakaa kitandani. Holda ilikuwa inaning'inia pale pale. Akaitazama kwa jicho la kazi, kama vile ni ya mteja: kung'oa, kukata nyaya mpya, kufunga. Ukuta wa tofali, hakuna pa kutindua. Kazi ya nusu saa, na safari hii hesabu isingekosea, maana hapakuwa na wa kumwita mezani.

Alinyoosha mkono kwenye boksi la vifaa, akaurudisha. Nusu saa ikiisha angefanya nini tena? Akaiacha holda ining'inie, abakize cha kufanya kesho.