Kifuniko Nilichokifungua Mwenyewe

Kijana wa jirani yangu hapa Kihesa ana gari linalomtesa. Kila asubuhi, kabla sijamaliza chai, nalisikia likikohoa: ng'e-ng'e-ng'e, kimya; ng'e-ng'e-ng'e, kimya. Mimi bibi wa watu, ambaye magoti yenyewe hayataki kuniinua, husema nikiwa kitini kwamba mafuta yanafika ila moto ndio hauna nguvu. Wajukuu hucheka. Hawajui nilikofundishwa, wala sipendi kuwasimulia, maana nikianza na gari nitamaliza na baba yangu, na habari ya baba yangu bado inanichoma.

Baba alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Iringa mjini. Sisi tulikaa Idodi, naye alizunguka vijijini kukusanya mahindi. Lori lililala uani kwetu, na hakukuwa na lingine kijiji kizima. Nilikuwa mtoto wa kwanza, wadogo zangu watatu bado ni wa kubebwa na kufutwa makamasi, kwa hiyo mimi ndiye niliyepanda naye. Lori likigoma njiani hakubahatisha. Aliniuliza maswali matatu, kwa mpangilio uleule kila siku: Lina mafuta? Lina moto? Lina hewa? Nilijua kuchomoa waya wa plagi na kuusogeza karibu na chuma ili tuone cheche. Nilijua kufungua kifuniko cha distribyuta, pale moto unapogawiwa, na kuitazama rota, kidude cheusi kisichozidi kidole gumba, ambacho kikikosekana injini nzima ni mzigo wa chuma tu. Nikipatia, aliniita fundi wangu mbele za watu, nami nilivimba kichwa wiki nzima.

Nilipomaliza darasa la nne nilichaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana upande wa Mbeya. Mwalimu wetu alikuja nyumbani kutusomea barua. Asiyefika Jumatatu, nafasi yake angepewa mwingine. Basi la Mbeya lilipita Iringa Jumamosi mchana tu, na baba aliahidi mbele ya mwalimu kwamba atanifikisha mwenyewe. Mama, aliyekuwa na mimba ya miezi minane, alinishonea gauni. Nililijaribu mara nne kwa siku mpaka akalificha.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimekaa juu ya sanduku langu la mbao, nimepakwa mafuta hadi magotini, baba alipoanza kuzungusha hendeli ya kuwashia injini. Lori likanyamaza. Akazungusha tena. Alifungua bomba la petroli, akalipuliza kwa mdomo, akatema. Mafuta yapo. Akafungua kabureta, akaisafisha taratibu kama mtu anayeosha kikombe cha mgeni. Hewa inapita. Kisha akarudi kwenye bomba la petroli. Mwalimu, aliyekuja kuniaga, alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa na bakuli lake la uji, akitazama jua linavyopanda. Mimi nilifuatisha: swali la kwanza, swali la tatu, swali la kwanza tena. Nilidhani wasiwasi wa safari umemsahaulisha, nikamwonea huruma.

"Baba," nikasema, "bado hatujatazama moto."

"Moto upo, mwanangu. Nimeutazama alfajiri."

Alisema hivyo bila kuinua uso. Mwalimu, ambaye mambo ya magari hakuyajua hata kidogo, akasema hakuna ubaya, mwache mtoto naye atazame. Baba alitabasamu, akanipisha. Nikapanda kwenye bampa na gauni langu jipya, nikaachia vibanio viwili, kifuniko kikatoka. Ndani hakukuwa na rota.

"Basi watakuwa wezi," baba alisema.

Wezi wa rota, Idodi, ambako gari jingine la kuifunga hulipati mpaka ufike mjini! Mwalimu alimtazama baba, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe, akasema ana madaftari ya kusahihisha, akaondoka bila kumaliza uji. Mama alitoka ndani, akafungua sanduku langu, akachukua shuka akamfunika mdogo wangu. Hakuuliza lori lina nini. Hapo ndipo nilipoelewa, nikalia mpaka nikatapika.

Jumatano lori liliwaka kwa mzungusho wa kwanza. Baba alisema amepata rota nyingine mjini. Siku zote hizo hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa amekwenda mjini. Nafasi yangu alipewa msichana wa Rujewa. Mimi nilipewa mtoto ambaye mama alimzaa mwezi uliofuata, nikambeba mgongoni mpaka alipoanza kutembea. Lorini sikupanda tena, wala baba hakuniita.

Miaka mingi baadaye, baba tukiwa tumeshamzika, mama aliniambia kwamba walikubaliana wote wawili. Mimba ile ilimsumbua, aliogopa kufa na kuwaacha watoto bila wa kuwatazama, na baba alishindwa kunitamkia. Hilo nililipokea. Nimezaa mwenyewe, naujua woga huo.

Lakini liko jambo ambalo mama hakuweza kunieleza, nami nililifikia peke yangu nikiwa mtu mzima. Baba alijua njia ishirini za kuinyamazisha injini ambazo mimi nisingezigundua hadi leo. Akachagua kuondoa rota, kitu cha kwanza kabisa alichonifundisha kukitazama. Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba alitaka niione. Sivyo. Aliiondoa kwa sababu haikuwahi kumpitia kichwani kwamba ninajua. Miaka yote ile ya fundi wangu, fundi wangu, alikuwa anamchangamsha tu mtoto asisinzie njiani.